Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua baa na sehemu za starehe za usiku mjini Dodoma

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wageni wanaokuja Dodoma kikazi, wanafunzi wanaofika mjini kwa mara ya kwanza, na wenyeji wanaotaka kumtoa ndugu au rafiki kwa usiku mmoja bila majuto. Majina ya baa hayakutajwa kwa makusudi: baa hubadilisha mmiliki, mpishi na wahudumu ndani ya miezi michache, na iliyosifiwa mwaka jana inaweza kuwa imefungwa leo. Kilichowekwa hapa ni namna ya kuichagua baa kwa macho yako mwenyewe.

Nianze na nini ninapopanga kutoka usiku?

Anza na watu utakaokuwa nao, kisha njia ya kurudi nyumbani, na baa iwe ya tatu. Wengi hufanya kinyume: husikia jina la mahali, hukusanyana kwa simu, na saa sita usiku hugundua kuwa mmoja anaishi Nkuhungu, mwingine amefikia Kisasa, wa tatu ana kikao Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa mbili asubuhi, na hakuna aliyefikiria usafiri. Kundi la watu wanne wanaotaka kuongea linahitaji bustani yenye muziki wa chini na jiko zuri. Kundi linalotaka kucheza linahitaji klabu, lakini klabu hazichangamki kabla ya saa tano usiku, kwa hiyo hata hao wanahitaji mahali pa kula kwanza. Ukishajua jioni yako ni ya aina gani, orodha ya mahali pa kwenda hupungua yenyewe.

Grosari, baa, launji na klabu zinatofautianaje?

Grosari ni duka dogo la vinywaji lenye viti vya plastiki barazani, ambalo wateja wake wengi ni majirani wanaofahamiana; bei zake kwa kawaida ndizo za chini kabisa, na mgeni akisalimia vizuri hupewa kiti na hadithi. Baa ya bustani ndiyo sura halisi ya Dodoma: uwanja mpana, vibanda vya makuti au vya bati, miti michache, luninga ya mpira, na jiko la kuchoma nyama karibu na lango. Launji ni ya ndani, yenye makochi, taa hafifu na vinywaji vikali vinavyouzwa kwa chupa nzima, na bei zake hupanda haraka. Klabu ni ya muziki na kucheza, mara nyingi kwa kiingilio. Kilabu cha pombe za kienyeji ni jambo jingine kabisa, nalo lina swali lake hapa chini.

Ni mitaa gani inayofaa?

Kwanza ni vizuri kuelewa jinsi mji wenyewe ulivyo. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wenyeji bado wanaiita CDA ingawa ilivunjwa mwaka 2017, iliupanga mji kwa maeneo yaliyotengana, yenye viwanja vikubwa na barabara pana. Baada ya Serikali kuanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mji ulizidi kutanuka kuelekea mashariki hadi Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati. Matokeo yake kwa mtu anayetoka usiku ni kwamba hakuna barabara moja ya starehe ambayo unaweza kuitembea kwa miguu ukihama kutoka baa hadi baa. Starehe za Dodoma zimetawanyika, na anayetaka kuonja sehemu tatu zilizo pembe tatu za jiji humaliza usiku wake ndani ya bajaji.

Ushauri wetu ni kuchagua upande mmoja na kubaki huko. Katikati ya mji, kuanzia Uhindini na eneo linalozunguka Nyerere Square, kunamfaa mgeni aliyefikia hoteli za karibu na stesheni ya zamani ya reli, kwa sababu anaweza kurudi haraka na taa za barabarani zipo. Majengo na Chang'ombe ni mitaa ya watu wengi, yenye grosari nyingi na maisha ya barazani. Huko nenda na mwenyeji kwa mara ya kwanza. Area C, Area D, Ilazo na Kisasa ni makazi ya wafanyakazi, na ndiko utakakokuta bustani zenye maegesho ya kutosha na familia zinazokula kuku jioni ya Jumapili. Ukiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kumbuka kwamba chuo kiko juu ya vilima, mbali na mji, na nauli ya usiku wa manane si ile uliyolipa jioni.

Je, majira ya mwaka yana maana yoyote?

Yana maana kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 14, kukiwa na upepo mkavu unaopita katikati ya bustani bila kizuizi. Mtu aliyetoka Dar es Salaam na shati jepesi hutetemeka saa tatu usiku na kulaumu baa. Beba sweta, na uombe meza iliyo upande wa ukuta au karibu na jiko la mkaa. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi hiyo angalia kama mahali pana paa la kutosha kwa wateja wote, kwa sababu mvua ya Dodoma ikija huja kwa nguvu, na vibanda vinne havitoshi watu mia moja.

Kuna pia msimu wa Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na katika kipindi hicho nyumba za wageni hujaa, bei hupanda, na meza nzuri za Ijumaa huwekewa nafasi mapema. Anayetaka utulivu katika miezi hiyo achague Jumatatu au Jumanne.

Nitajuaje kuwa baa ni nzuri kabla sijakaa?

Ingia mapema, ikiwezekana saa kumi na mbili jioni, ukiwa bado hujanywa chochote, na ukague mambo machache kwa utulivu. La kwanza ni choo. Baa ambayo choo chake kina maji, sabuni na mlango unaofungika ina meneja anayefanya kazi yake, na meneja wa namna hiyo ndiye anayekagua pia jiko na friji. La pili ni namna wahudumu wanavyozungumza na wateja waliokaa peke yao, kwa sababu mteja wa peke yake ndiye kipimo cha heshima ya mahali. La tatu ni njia za kutoka: bustani kubwa yenye lango moja jembamba, lililozibwa na pikipiki, si mahali pa kukaa usiku wa watu wengi.

Kisha sikiliza. Simama katikati ya meza na useme sentensi moja kwa sauti yako ya kawaida. Ikiwa mwenzako amelazimika kusogeza sikio, fahamu kuwa saa nne usiku mtakuwa mnapigiana kelele. Spika kubwa zilizoelekezwa kwenye nyumba za majirani ni dalili nyingine mbaya. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina mamlaka ya kuchukua hatua dhidi ya kelele zinazozidi kiwango, na sehemu inayowasumbua majirani inaweza kufungwa wakati wewe umeshalipia meza. Zaidi ya hilo, nyuma ya ukuta ule kuna mtoto anayesomea mtihani na mgonjwa anayetafuta usingizi, nao wana haki na usiku wao.

Nyama choma ichaguliwe vipi?

Hapa hatuna haraka, kwa sababu katika Dodoma jiko ndilo linaloamua kama jioni itakuwa nzuri. Katika baa nyingi jiko limekodishwa kwa mtu mwingine: vinywaji ni vya kaunta, nyama ni ya mchomaji, na hesabu zake ni mbili. Usimwagize mhudumu wa vinywaji nyama ukiwa umekaa. Inuka uende jikoni, msalimie mchomaji, uangalie nyama iliyotundikwa, na uonyeshe kwa kidole sehemu unayoitaka. Mbuzi mzuri ana nyama nyekundu isiyong'aa kwa maji, mafuta meupe, na harufu safi. Paja lina nyama nyingi, mbavu zina utamu, na anayejua kula huomba mchanganyiko wa vyote viwili.

Nyama ipimwe mbele yako ikiwa mbichi, na bei ya kilo itajwe kabla haijawekwa motoni. Moto unaofaa ni wa makaa yaliyokwisha kuwaka na kufunikwa na majivu mepesi. Ukiona ndimi za moto zinaramba nyama, itaungua nje na kubaki na damu ndani. Mchomaji anayejua kazi huanza na chumvi peke yake, huigeuza nyama kila mara, na hukuambia ukweli kwamba utasubiri dakika arobaini au zaidi. Ikija mezani hukatwa juu ya ubao, ikiwa na kachumbari, limao, pilipili na ndizi za kuchoma au ugali, na mtu huleta birika la maji ya vuguvugu na beseni mnawe mikono mkiwa mmekaa. Sehemu ambayo birika hilo haliji, au linakuja bila sabuni, inakuambia jambo kuhusu jiko lake.

Anayependa kitimoto atakipata kwa urahisi, lakini ukiwa na wenzako Waislamu uliza kwanza kama kinachomwa kwenye jiko tofauti. Na ukiwa Dodoma siku ya Jumamosi, fika mnada wa Msalato mchana, kaskazini mwa mji, ule mbuzi huko kabla ya jioni. Ni mchana wa vumbi na moshi, na kwa maoni yetu ni mlo unaozidi mingi inayouzwa kwenye meza zenye vitambaa.

Ninywe nini ambacho ni cha Dodoma?

Mvinyo. Zabibu hulimwa Dodoma kuliko mahali pengine popote nchini, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na aina ya zabibu nyekundu ya Makutupora inahusishwa na kituo cha utafiti kilichoko kaskazini mwa mji. Wamisionari wa Bihawana walilima zabibu na kutengeneza mvinyo miaka mingi kabla baa za leo hazijajengwa, na Hombolo nayo ina mashamba na kiwanda. Inasikitisha kumwona mtu amesafiri hadi Dodoma na kuagiza mvinyo uliotoka ng'ambo wakati wa nyumbani uko kwenye rafu hiyo hiyo.

Uagize hivi: muulize mhudumu kama chupa ni ya mvinyo mkavu au mtamu, kwa sababu mvinyo mwingi wa hapa ni mtamu na asiyeutarajia huukataa bure. Omba chupa ifunguliwe mbele yako. Mweupe uje wa baridi sana; mwekundu usikae kwenye friji siku nzima, wala usiwekwe kaunta penye jua la mchana. Kwa mbuzi wa kuchoma, mwekundu mkavu unafaa vizuri sana. Dompo, ambao wenyeji wengi wanaufahamu, ni mtamu na una nguvu kuliko mvinyo wa kawaida, hivyo unywewe kwa glasi ndogo.

Kagua pia stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato iliyobandikwa kwenye chupa, hasa ya kinywaji kikali. Programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu hukuwezesha kuthibitisha kama ni halali. Chupa isiyo na stempu, au yenye stempu iliyochanika na kubandikwa upya, irudishe.

Ninawezaje kujua ninakunywa kiasi gani?

Piga hesabu ya kilevi, kwa sababu idadi ya chupa peke yake haitoshi. Bia ya Kilimanjaro ya mililita 500 yenye asilimia 4.5 ina takriban mililita 22 za kilevi halisi. Safari, yenye asilimia 5.5, ina zaidi ya 27 kwa ujazo huo huo. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina mililita 90, yaani sawa na bia nne za Kilimanjaro. Robo lita ya Konyagi, ambayo ni asilimia 35, inakaribia hapo hapo, nayo huonekana ndogo mno juu ya meza. Mwili huiondoa bia moja kwa saa mbili au zaidi, na hakuna supu, kahawa wala maji ya kuoga yanayoharakisha kazi hiyo. Kunywa maji kati ya chupa na chupa, na kula kabla ya kuanza. Hewa kavu ya Dodoma huongeza kiu, na kiu ya maji hudanganya watu wakadhani ni kiu ya bia.

Bili inakuja kubwa kuliko nilivyokunywa. Nifanye nini?

Tatizo hili huzuiwa mwanzoni. Wahudumu wengi huacha chupa tupu mezani, au huweka vizibo ndani ya glasi, ili hesabu ionekane na pande zote mbili. Usikubali chupa ziondolewe kabla ya malipo. Mwandishi wa maswali haya aliwahi kukaa na wenzake watano katika bustani moja, meza ikasafishwa mara tatu kwa ukarimu mkubwa, na mwishoni bili ikawa na bia saba zaidi. Hatukuwa na kizibo hata kimoja cha kuonyesha, na dada aliyetuhudumia alikuwa ameshamaliza zamu yake. Tulilipa. Tangu siku hiyo tunaandika kila raundi kwenye simu, na mhudumu hutazama tukiandika, jambo linalomlinda hata yeye, kwa sababu katika baa nyingi upungufu wa kaunta hukatwa kwenye malipo yake.

Lipa kila raundi inapokuja kama kundi ni kubwa. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea kwenye lipa namba ni la biashara hiyo kabla ya kuingiza namba ya siri, na udai risiti ya mashine. Kukiwa na mgogoro, mwite meneja pembeni na uzungumze kwa sauti ya chini. Kumwaibisha mhudumu mbele ya watu hakurudishi hata shilingi moja.

Sisi ni wanawake wawili na hatuna mwenyeji. Tunaweza kutoka?

Mnaweza, na wengi hutoka. Chagueni bustani inayokuwa na familia jioni, kaeni karibu na kaunta au jiko badala ya kibanda cha mwisho gizani, na mwambieni mhudumu mapema kwamba mmekuja wawili na hamngojei mtu. Kinywaji kinachotumwa na meza nyingine si deni. Mnaweza kumwambia mhudumu, kwa heshima, akirudishe. Mkikipokea, chupa ifunguliwe mbele yenu. Glasi iliyoachwa mezani mkienda kucheza imwagwe, hata kama ilikuwa imejaa, kwa sababu watu hutiliwa dawa kwenye vinywaji na aliyetiliwa hajui mpaka amechelewa. Mmoja akianza kulegea ghafla kwa kinywaji kimoja, muondoke naye papo hapo mkamfikishe hospitali, wala msikubali msaada wa usafiri kutoka kwa mtu msiyemjua. Polisi hupatikana kwa namba 112.

Turudi nyumbani kwa usafiri gani?

Daladala hazitegemewi usiku wa manane. Zinabaki bajaji, teksi na bodaboda. Tunapendekeza bajaji au teksi, na dereva atafutwe jioni ile ile: yule aliyewaleta, akiwa mtu mwenye lugha nzuri, mwombeni namba na mkubaliane naye saa na nauli ya kurudi. Bodaboda kwa mtu aliyekunywa hatuipendekezi kabisa, kwani abiria anayesinzia huanguka hata dereva akiwa makini, na barabara pana za Dodoma huwavuta madereva kukimbia usiku.

Anayeendesha gari lake asinywe. Sheria ya Usalama Barabarani imeweka ukomo wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, lakini huo ni mpaka wa kosa la jinai. Uwezo wa kuona na kuamua hupungua mapema kuliko hapo. Gari linaweza kulala penye mlinzi mpaka asubuhi.

Vilabu vya pombe za kienyeji vinafaa kwa mgeni?

Pombe ya mtama au uwele ni sehemu ya maisha ya Wagogo, na kunywea kibuyu kimoja pamoja na wazee ni heshima ukikaribishwa na mtu wa pale. Nenda mchana, salimia kwanza, na usipige picha bila ruhusa. Gongo ni marufuku kisheria, na inayopikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli inayopofusha na kuua. Usiiguse hata kwa kuonja.

Mimi sinywi pombe. Nitajisikiaje?

Utajisikia vizuri mahali penye jiko zuri. Agiza soda, juisi ya ubuyu ikiwepo, au maji, na lipa zamu yako ya raundi kama wengine. Kundi lenye mtu mmoja asiyekunywa lina bahati, mradi lisimgeuze kuwa dereva wa kila wiki bila kumuuliza.

Baa hufungwa saa ngapi?

Kila sehemu ina saa zake kulingana na leseni ya vileo, na siku za kazi hufungwa mapema kuliko mwisho wa wiki. Muulize mhudumu unapokaa. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kilevi, kwa hiyo kijana mwenye sura changa abebe kitambulisho.

Nina treni ya asubuhi kwenda Dar es Salaam. Nitoke au nilale?

Toka, lakini uwe umekaa mezani saa kumi na mbili jioni na umeondoka saa nne. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, huondoka kwa wakati uliopangwa na haimngoji abiria, na stesheni yake mpya si ile ya zamani ya katikati ya mji. Mweleze dereva waziwazi unakokwenda. Tiketi na kitambulisho viwe mfukoni tangu usiku. Ukiamka mapema, jikoni mwa bustani nyingi supu ya mbuzi huwa tayari kabla jua halijapanda, ikiwa na chapati na limao, na bakuli moja linakutosha mpaka Morogoro.